Komeo la ndani: jibu kwa binti aliyefananishwa na mlango wa Mikindani

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini, nina umri wa miaka 32 na ndoa yangu ina mwaka mmoja na nusu. Mume wangu ni mtu wa Masasi, mchangamfu, hana siri hata ya bei ya viatu vyake. Mwezi uliopita tulikwenda Mikindani pamoja na ndugu zake. Akasimama kwenye mlango mmoja wa nakshi, akasema mbele ya wote: "Huyu ndiye mke wangu. Nje pambo, ndani komeo." Wakacheka, nami nikacheka. Kisa chenyewe ni kwamba mwezi Juni nilinyimwa nafasi ya mwalimu wa taaluma niliyokuwa nimeahidiwa, nikakaa nalo wiki sita bila kumwambia, akaja kulisikia kwa mwalimu mwenzangu ndani ya daladala. Nililelewa na bibi, na bibi alikuwa akisema mambo ya ndani hayavuki kizingiti. Je, mtu hujifunzaje kuwa wazi ukubwani? Na kuwa wazi ndiyo kusema kila kitu?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ule mlango kabla sijakufikia wewe. Uniwie radhi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala Mikindani, na sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha nikizoa maranda miguuni pake. Baadaye nilisomea ushauri nasaha, na kazi hiyo nimeifanya Mtwara kwa zaidi ya miaka 20, nikiwasikiliza watu wakijiita, au wakiitwa na wenzao, milango, kuta, visima na makasha. Kwa hiyo nitaanza na mlango wenyewe, kwa sababu naona mumeo aliusoma vibaya, na pale alipokosea kuusoma ndipo penye jibu la swali lako.

Mlango wa kale wa pwani yetu una vifungio viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Kwa nje upo mnyororo wa chuma, ambao wazee waliuita riza, unaovutwa na kupachikwa kwenye tumbuu, ile pete ya chuma, kisha ukatiwa kufuli mwenye nyumba anapotoka. Kwa ndani lipo komeo, na katika nyumba nyingine kia cha mti mgumu kinachopita nyuma ya mbao zote mbili, na hicho hakuna awezaye kukiondoa isipokuwa aliyemo. Mpita njia aliyezoea miji hii alitazama mnyororo kwanza. Akiukuta umetiwa kufuli, aliendelea na safari yake bila kupiga hodi, kwani alijua wenyewe hawapo. Akiukuta unaning'inia na mlango haufunguki, alijua yumo mtu. Komeo la ndani, basi, ni dalili kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe yuko nyumbani. Mumeo alitaka kukulaumu, naye bila kukusudia akakuelezea kwa usahihi ambao ungemfurahisha baba yangu. Watu wanaonitia wasiwasi zaidi katika kazi yangu ni wale wenye mnyororo wa nje: wanazungumza tangu asubuhi hadi usiku, wanasimulia kila kitu kwa kila mtu, lakini ukiwapigia hodi juu ya jambo linalowauma huitikiwi, kwa sababu wao wenyewe wametoka humo siku nyingi.

Neno "pambo" nalo lina dhuluma kidogo ndani yake. Nakshi za mlango huchongwa mahali pa kuonekana: kwenye kizingiti cha juu, kwenye miimo, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili ubao wa pili uje kuegemea. Wanaotembeza wageni hupenda kuwaambia kwamba kila mchoro una fumbo lake, kwamba samaki ni riziki na mnyororo uliochongwa pembeni ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Mimi siziamini hadithi hizo zote, maana nimeona mafundi wakichonga ua fulani kwa sababu tu ndilo walilojifunza kwa mkono wa walimu wao. Ninachokiamini ni kwamba nakshi ni salamu. Mwenye nyumba anaiambia barabara kwamba humu wanaishi watu wanaojali, na anaisema hata akiwa amelala. Wewe unapoingia ofisi ya walimu ukiwa nadhifu, ukawajulia hali wenzako na kuwatania, huku moyoni unalo la kwako, hujamdanganya mtu. Umetoa salamu, na salamu ni haki ya barabara. Anayeishi ndani ya nyumba ndiye anayedai zaidi ya salamu, na hapo ndipo mumeo ana hoja ambayo siwezi kumnyima.

Swali lako la pili nitalijibu kabla ya la kwanza, kwa kuwa ni jepesi. Hapana, kuwa wazi si kusema kila kitu, na nyumba za pwani zimelijua jambo hilo kwa karne nyingi. Ukienda Songo Mnara, magofu ambayo pamoja na Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, utakuta milango ya mbao imeoza na kutoweka, imebaki miimo ya mawe ya matumbawe peke yake. Lakini mpangilio bado unasomeka. Unaingia kwenye uwanja wa ndani wenye ngazi ambazo watu waliweza kukaa, ukiuvuka unaingia chumba kirefu, nyuma yake kingine, na nyuma yake vyumba vya giza ambavyo mgeni wa kawaida hakuwa na sababu ya kuvifikia. Nyumba za Mikindani tulizokulia zilikuwa na mpango wa aina hiyo kwa udogo wake. Baraza lilikuwa la mtu yeyote, hata asiyejulikana jina. Ukumbini aliingia jirani. Ndani waliingia ndugu. Na chumba cha bibi, kule lilikokuwa kasha lake, aliingia bibi na yule aliyemwita. Hakuna aliyesema nyumba ile imefungwa kwa sababu muuza kahawa aliishia barazani.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Irwin Altman na Dalmas Taylor, walieleza mwaka 1973 kwamba ukaribu baina ya watu hukua kwa namna inayofanana sana na nyumba hiyo. Watu huanza kwa kuzungumza mengi mepesi, kisha hushuka polepole kwenye machache mazito, na kila mmoja huteremka hatua moja anapoona mwenzake ameteremka. Nimewataja kwa sababu wengi wanaokuja ofisini kwangu hudhani ukimya wao ni ugonjwa, na hudhani dawa yake ni kubomoa ukuta. Ukibomoa ukuta umepata uwanja, na kwenye uwanja watu hupita tu. Methali yetu inasema mficha uchi hazai, na wengi huisoma kana kwamba inawaamrisha watu kuvua nguo sokoni. Ukiitazama vizuri, aliyekusudiwa kuuona uchi huo ni mkunga, ndani ya chumba, mlango ukiwa umerudishwa. Hata lugha yenyewe imejihadhari hapa: mtu mwenye kusema yaliyomo moyoni tunasema amefunguka, na neno kujifungua tumewaachia waja wazito.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo gumu. Umeniandikia kana kwamba tatizo lako ni komeo. Mimi, kwa jinsi ulivyosimulia lile la mwezi Juni, sioni komeo. Mtu mwenye komeo ameamua kutosema, na uamuzi huo humtuliza. Wewe ulikaa wiki sita ukitaka kusema na huwezi. Mlango wa namna hiyo baba yangu alikuwa na jina lake; aliuita mlango uliovimba.

Nitakueleza nilivyouona kwa macho yangu, kwani sijapata mfano bora zaidi darasani wala vitabuni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alituma mtoto kuja kusema mlango wake wa mbele umegoma kufunguka tangu juzi, na wapangaji wake walikuwa wanataka kuuvunja kwa shoka ili waingize magunia ya korosho. Baba hakukimbia. Alipitia mlango wa uani, akaomba taa ya chemli kwa sababu ukumbi ulikuwa na giza, akapapasa ukingo wa ubao kuanzia juu hadi chini kwa kiganja. Komeo lilikuwa limeondolewa kitambo na lilikuwa limeegemezwa ukutani. Hakuna kilichofunga mlango ule. Akagonga kwa nyundo ya mti mara chache mahali pamoja, ubao ukalia, ukaachia.

Wale wapangaji wakasema apige randa ukingo wote ili jambo hilo lisijirudie. Baba akakataa. Akachukua chaki, akaipaka kwenye mwimo kutoka juu hadi chini, akaurudisha ubao taratibu mpaka ukagusa, kisha akaufungua tena. Ukingo wote wa ubao ulikuwa mweusi wa miaka na mafuta ya mikono, isipokuwa mahali pamoja, chini kidogo ya usawa wa bega lake, palipokuwa na alama nyeupe ya chaki isiyozidi vidole vitatu. Akanionyesha. Akasema mlango hauna kosa, kosa liko hapa. Akapiga randa pale tu, mara nne au tano, maranda yakatoka membamba kama maganda ya kitunguu, na mlango ukafunga na kufunguka. Nilipomuuliza njiani kwa nini hakumaliza kazi, alinijibu kwamba mbao huvimba kwa upana zikinywa maji na kusinyaa zikikauka, na fundi anayeranda kwa hasira wakati wa mvua humwachia mwenye nyumba mwanya wa kuingiza nyoka wakati wa kiangazi.

Wewe nawe, binti yangu, una mahali pa vidole vitatu. Sijui ni wapi, lakini barua yako inanipa dalili. Husemi kwamba umeshindwa kumweleza mumeo habari za wanafunzi, za mshahara, za ndugu zako au za afya yako. Umetaja jambo moja, nalo ni la kushindwa: uliahidiwa, ukatumaini, ukanyimwa. Nina shaka kwamba panapogusa ni kwenye aibu ya kuonekana umepungukiwa, na kwamba sehemu nyingine zote za mlango wako zinazunguka vizuri. Ningependa uhakikishe mwenyewe kwa chaki. Kwa muda wa wiki mbili usijilazimishe kusema lolote jipya, ila kila jioni jiulize ni jambo gani la siku hiyo lilifika mdomoni likarudi. Liandike kwa maneno machache kwenye daftari. Baada ya wiki mbili soma orodha hiyo, nawe utaona kama mambo yaliyorudi yana ukoo mmoja. Wengi niliowapa kazi hii walishangaa kukuta ni ukoo mmoja kweli, na kwamba kwa miaka walikuwa wamejiita wasiri wakubwa kwa ajili ya jambo moja dogo linalojirudia.

Kabla sijaendelea na la kufanya, nataka nimtetee bibi yako. Ni rahisi siku hizi kuwalaumu wazee kwamba walitufunga midomo. Lakini fikiria miji aliyokulia. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilinenepa katika karne ya 19 kwa pembe za ndovu, sandarusi na watumwa, na baadhi ya nyumba ambazo leo tunapiga picha milango yake zilikuwa na watu waliofungiwa kwa nje. Sultani Barghash aliipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, ila utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa kwa sheria hadi mwaka 1922. Maana yake ni kwamba bibi yako alilelewa na watu ambao wazazi wao waliishi mtaa mmoja, waliokuwa waungwana na waliokuwa watumwa, wakiuziana samaki na kuozeshana watoto. Katika miji ya namna hiyo kumuuliza mtu babu yake alitoka wapi na alifikaje pwani ni utovu wa adabu mkubwa, na katika nyumba nyingine ni hivyo hadi leo. Tena kulikuwa na Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, si mbali sana na Kilwa, ambapo neno lililotoka nje ya nyumba liliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Ukimya wa bibi yako ulikuwa na kazi, na uliifanya. Ulimhifadhi jirani dhidi ya aibu, ukawahifadhi watoto dhidi ya hatari. Kosa, kama lipo, ni kwamba alikurithisha kanuni bila kukuambia kwamba kizingiti alichokisema ni kile cha barabarani. Hakukusudia kizingiti cha chumba chako na mumeo. Nina hakika yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumwambia. Kama alikuwa na somo wake wa unyagoni, nadhani huyo alijua mengi ambayo wewe hutayajua kamwe.

Kuhusu la kufanya, ninayo mambo machache tu. Mlango uliovimba hauponi kwa kusukumwa mara moja kwa nguvu; hupona kwa kufunguliwa kila siku. Chagua jambo dogo la siku hiyo, la aina ile ile iliyokwama kwenye daftari lako, lakini la uzito mwepesi kabisa: umemsahihishia mwanafunzi vibaya ukalazimika kumwomba radhi mbele ya darasa, au umekwenda benki ukakuta umesahau kitambulisho. Mwambie mumeo jioni, kwa sentensi mbili, bila kulipamba na bila kulifanya kichekesho. Najua watu wenye aibu ya kushindwa hupenda kulisimulia jambo kama kichekesho ili wawahi kucheka kabla hawajachekwa, na mumeo, kwa jinsi ulivyomweleza, ataudaka utani huo na kuuendeleza. Kwa hiyo mwambie mapema unachotaka kutoka kwake. Unaweza kusema hivi: "Nina neno, na sitaki shauri wala utani, nataka tu ulisikie." Wanaume wachangamfu husaidiwa sana wakiambiwa kazi yao ni ipi.

Lile la mwezi Juni ni zito zaidi, nalo ningekushauri uliandike kwanza. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza maishani. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao walioandikishwa mambo ya kawaida. Nalitaja hilo la kujisikia vibaya kwa makusudi, usije ukaandika siku ya kwanza, ukalia, ukadhani nimekupoteza. Maandishi hayo ni ya kwako, ukitaka yachome. Kazi yake ni kukufanya ulijue jambo lenyewe lina umbo gani. Inawezekana ukagundua kwamba kilichokuuma si cheo, ila ni kwamba ulikuwa umemwahidi mtu, labda bibi akiwa hai, labda nafsi yako, kwamba ungekuwa mwalimu wa taaluma kabla ya umri fulani. Hilo ndilo la kumwambia mumeo, kwani habari ya cheo keshaisikia kwenye daladala.

Na kumbuka randa ya wakati wa mvua, ile inayoacha mwanya kiangazi. Usiku mmoja wa machozi mtu anaweza kuamua kumwaga kila kitu tangu utotoni, na asubuhi akaamka anaona baridi kila upande. Nimewaona wengi ambao walifunguka kupita kiasi kwa shinikizo, kisha wakafunga kwa miaka kumi. Toa ganda jembamba, ujaribu mlango, usubiri.

Sasa mumeo. Naomba umsomee sehemu hii kama mnaelewana, au umwachie mezani. Bwana, pwani hii ina adabu ya hodi, na nyote wawili mmepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mnaijua Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, zinazowakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Mafundisho tuliyoyapokea yanaongeza kwamba hodi ni mara tatu, na asiyeitikiwa huondoka bila kinyongo. Utasema mkeo si nyumba ya watu, ni nyumba yako. Nakubali, ila hata mtu anayerudi kwake hubisha hodi akijua mkewe yumo ndani, ili asimshtue. Ulichokifanya Mikindani mbele ya ndugu zako hakikuwa hodi. Kilikuwa teke la mlango, na mlango uliovimba ukipigwa teke hukaza zaidi, tena siku nyingine hupasuka mfaa. Hodi ya mambo ya moyoni ni kuuliza mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, jambo moja lililo bayana: "Ulipoikosa ile nafasi, ulijisikiaje?" Akikujibu "Vizuri tu," umepiga ya kwanza. Subiri siku nyingine. Na akikukaribisha, usianze kupanga upya vyombo vyake. Halafu usitoke na chochote kwenda nacho Masasi kwa mama yako, hata kama ni kwa nia njema ya kuombewa dua, kwa maana siku atakapolisikia neno lake likirudi kutoka kwa wifi, atatia komeo, na mimi nitamuunga mkono.

Kuna jambo jingine kuhusu wewe, bwana, ambalo linanikera kidogo. Mkeo anakusifu kwamba huna siri. Je, una uwazi? Bei ya viatu si siri ya mtu yeyote. Arthur Aron na wenzake mwaka 1997 waliwakalisha watu wawili wawili wasiojuana, wakawapa maswali 36 yanayozidi kuwa ya ndani, kwa dakika 45, na kila swali walilijibu wote wawili. Walipomaliza walijiona karibu zaidi kuliko waliopewa maongezi ya kawaida. Kilichonipendeza katika mpango ule ni kwamba hakukuwa na muulizaji na muulizwaji. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mkeo alivyojisikia alipokosa nafasi, msimulie wewe jambo ulilolikosa, lile ambalo hujalitania bado.

Nirudi kwako, binti. Yapo mambo ambayo yatabaki kwenye kasha, nawe usiyaonee haya. Siri uliyopewa na rafiki si yako kuigawa, hata kwa mume. Mambo ya wanafunzi wanaokuja kwako wakilia yana kanuni zake za kazi. Na kama ungekuwa umeniandikia kwamba maneno yako hugeuzwa kuwa fimbo, kwamba ukisema hutukanwa au kupigwa, jibu langu lote lingekuwa jingine: ningekuambia komeo hilo ni la haki, na ningekuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Sikuona dalili hiyo katika barua yako. Nimeona mume mwenye ulimi mwepesi aliyeumia kwa kusikia habari za mkewe kwenye daladala, na amelisema umivu lake kwa njia ya utani kwa sababu, nadhani, naye ana vidole vitatu vyake.

Mama yule mjane alifariki miaka mingi iliyopita. Nyumba yake haina paa sasa, lakini mlango bado upo, na mara ya mwisho nilipopita ubao wa kulia ulikuwa wazi na watoto walikuwa wamekaa kizingitini wakila maembe mabichi kwa chumvi. Nilipapasa ukingo. Pale baba aliporanda pamekuwa peusi kama pengine, huwezi tena kupajua kwa macho, ila kidole bado kinapasikia. Mkija tena Mikindani, mje wawili bila ndugu, mniulize nitawaonyesha ulipo. Kwa sasa nunua daftari, na baada ya wiki mbili niandikie neno lako lilikwama wapi.